Mguu wa Kushoto

Daftari ninalo mpaka leo. Ni daftari la shule, kurasa 48, jalada la buluu, nyuma yake jedwali la kuzidisha. Mdogo wa binti yangu alilinunua dukani siku tuliyorudi kutoka Dar es Salaam, kwa sababu dada yake alikuwa amefungwa meno ya juu na ya chini kwa raba na hakuweza kusema. Kila alichotaka alikiandika humo. Ukurasa wa kwanza ameandika, "Maji." Wa pili, "Zimeni taa." Ukurasa wa tisa ameandika, "Mguu unavuta. Wa kushoto tu."

Chini ya maneno hayo hakuna jibu, maana mimi nilijibu kwa mdomo. Nilimwambia, "Lala mwanangu, ni uchovu wa basi." Na basi tulikuwa tumeshuka siku tano nyuma.

Binti yetu hakuzaliwa na tatizo la taya. Mpaka darasa la tano meno yake yalikutana kama ya watoto wengine. Alipovunja ungo, taya la chini likaanza kukua na la juu likabaki nyuma, na alipofika kidato cha nne meno yake ya chini yalikuwa yamepita nje ya yale ya juu. Mkate wa kumimina aliukata kwa vidole kabla ya kuutia mdomoni. Hindi la kuchoma alilipukuchua punje moja moja. Ni mwalimu wa chekechea, na watoto wadogo hawana nia mbaya ila huiga. Asubuhi moja aliingia darasani akakuta watoto wote wametoa videvu mbele, wanamsubiri. Siku hiyo alirudi nyumbani akapitiliza chumbani. Baba yake, aliyekuwa amepokea kiinua mgongo miezi miwili nyuma, alikaa barazani mpaka magharibi, kisha akaniambia kwamba zile fremu za duka hazitajengwa.

Kwa fedha hiyo binti akavaa waya wa meno mwaka mmoja na nusu. Ndipo tukaitwa Dar kwa upasuaji wenyewe.

Daktari mpasuaji alitueleza kila kitu kwa subira. Taya la juu lingekatwa kwa mlalo, juu ya mizizi ya meno, mkato unaoitwa kwa jina la Le Fort, mpasuaji wa Kifaransa ambaye mwaka 1901 alionyesha kwamba mifupa ya uso ikipigwa huvunjika kwa kufuata mistari ile ile. Taya la chini lingepasuliwa pande zote mbili, lirudishwe nyuma, kisha vyote vifungwe kwa vibati vidogo na skrubu za titani ambazo hazitolewi tena. Saa nne mpaka tano akiwa usingizini. Akataja hatari zake: mdomo wa chini kufa ganzi, kutokwa damu, kidonda kuingia wadudu. Mwisho akataja damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na donge kupanda mapafuni. Akasema kwa wagonjwa wa taya hilo ni nadra, halimfiki mgonjwa mmoja katika mia, ila lazima alitaje. Mimi lilinipita. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye uso wa mtoto. Nani angefikiria mguu?

Halafu akauliza swali lake. "Kuna dawa yoyote anayotumia kila siku? Hata kama anaiona si kitu?"

Nikajibu mimi. "Hatumii dawa yoyote, daktari. Mwanangu ni mzima." Binti yangu, mtu wa miaka ishirini na tatu mwenye kazi yake na mshahara wake, alikuwa amekaa ubavuni pangu akitazama viatu vyake. Kalamu ya daktari ikaandika nilichosema.

Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillah. Siku ya tatu uso wake ulivimba mpaka macho yakawa mistari miwili, na walikuwa wametuambia kwamba siku hiyo ndipo uvimbe hufika kileleni. Siku ya tano, Jumapili, tukaruhusiwa. Muuguzi alinipa karatasi na kunisomea: anywe maji mengi, kichwa kiinuliwe kwa mito, mkasi mdogo uning'inie shingoni mwake ili akitaka kutapika raba zikatwe mara moja, na atembee. Hilo la kutembea alilirudia mara mbili. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia.

Safari ya Dar mpaka Tanga ni kilomita kama 350, na kwa basi letu ilikuwa saa sita na kitu. Alikaa dirishani, amejifunika mtandio mpaka chini ya macho ili watu wasimtazame. Miguuni kwake niliweka begi na chupa ya uji, hakuwa na pa kuinyoosha. Basi liliposimama tushuke kujisaidia aligoma kushuka kwa sababu ya ule uso, na kwa kuwa hakutaka kushuka hakutaka na kunywa. Kuanzia Mbezi hadi tunashuka Kange alimeza maji ya mabomba mawili ya sindano, haijafika hata kikombe. Niliona ni stara, nikamsifu moyoni. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007 likisema kukaa kitako safarini saa nne au zaidi, iwe kwenye ndege, treni, basi au gari, huongeza kama maradufu uwezekano wa damu kuganda miguuni. Kwa mtu mzima mwenye afya uwezekano wenyewe ni mdogo, kama mmoja katika elfu sita. Lakini mwanangu hakuwa mtu mwenye afya anayesafiri. Alikuwa na siku tano tangu avunjwe mifupa miwili.

Nyumbani tulipokelewa kama tumetoka Makka. Bibi yake, mama wa mume wangu, alikuwa ametandika kitanda chake mwenyewe, kile cha samadari, akatoa foronya alizodarizi akiwa mwari. Shangazi mtu alikuja na begi lake, akatangaza mlangoni, "Mgonjwa wetu hatagusa ardhi." Na kweli hakugusa. Kujisaidia aliletewa ndoo chumbani. Kuoga, aliogeshwa kwa beseni na kitambaa. Akijaribu kuteremsha mguu, Bibi alimwekea kiganja kifuani na kumrudisha kwenye mto: "Pumzika mama, mifupa ishike." Kwetu mgonjwa anayetembea ni mgonjwa asiye na watu. Jirani akija kumjulia hali amkute amesimama uani, atasema nini? Ile karatasi ya muuguzi niliiweka kwenye kabati la vyombo, chini ya kitambaa, isije ikapotea.

Jikoni ndiko tulikoshindana kwa mapenzi. Uji wa lishe ulichujwa kwa chekeche la chai. Supu ya kuku ilitokoswa mpaka mifupa ikawa laini, kisha ikachujwa mara tatu, maana chembe moja tu ya nyama ikikwama kwenye waya ilimtesa mpaka asubuhi. Mtori, parachichi na maziwa, tende zilizolowekwa usiku kucha, vyote vilipita kwenye blenda, na umeme ukikatika mdogo wake alitwanga kwenye kinu. Chakula alipewa kwa bomba la sindano kubwa lenye mpira mfupi, akiupitisha pembeni ya shavu, nyuma ya meno ya mwisho. Kikombe kimoja kilichukua nusu saa, na kwa kuwa mdomo ulikuwa na ganzi nusu yake ilimwagikia kidevuni bila yeye kujua. Alichoka, akaanza kusukuma bomba kwa mkono. Tukahesabu uji, hatukuhesabu maji. Mkojo wake kwenye ndoo ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya chai ya rangi, na aliyeumwaga kila asubuhi ni mimi.

Ijumaa ndiyo aliyoandika habari ya mguu. Jumamosi asubuhi Shangazi alipofunua shuka alipiga kelele. Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa kuanzia kifundo hadi juu ya goti, ngozi imevutika inang'aa, na ukiuwekea mkono unahisi joto. Wa kulia ulikuwa vilevile, mwembamba.

Bibi aliutazama kwa muda, kisha akasema neno ambalo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa: matende. Dada yake Bibi aliishi na matende miaka thelathini. Sote pwani hii tumekua tukiwaona watu wale wenye miguu iliyovimba kama vinu, na tumemeza dawa za kampeni zilizokuja mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo Bibi hakuwa mjinga. Alitazama mguu uliovimba akasema anachokijua. Ila matende huja kwa miaka, na huu mguu ulikuja kwa usiku mmoja. Hakuna aliyelisema hilo, wala mimi sikulifikiria.

Shangazi yeye alisema ni mishipa imejikunja kwa kulala, inataka kukandwa. Akaenda kumwita mama mmoja wa mtaa wa pili, fundi wa kuchua ambaye nusu ya wazazi wa Ngamiani wamepita mikononi mwake. Alikuja baada ya adhuhuri na mafuta ya nazi ya uvuguvugu kwenye kibakuli. Akaanza kwenye kifundo, akipandisha. Mwanangu hakuweza kulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni na mkono wake ukashika upande wa kitanda. Yule mama hakufika hata gotini. Alisimama, akaufuta mguu kwa kanga yake taratibu, akasema, "Huu sichui. Una moto kwa ndani, na nyama yake si nyama ya uchovu. Mpelekeni hospitali leo." Alikataa hata nauli ya bajaji.

Ninamtaja kwa sababu katika nyumba iliyojaa watu wanaompenda mtoto yule, mtu pekee aliyeusikiliza ule mguu ni yeye, na alitumia vidole.

Naye alisema leo. Sisi tukasema kesho. Jumamosi jioni, nani atakuwepo? Uso bado umevimba, watamtazama. Baba yake yuko Muheza kwenye msiba, arudi kwanza. Tukawa na sababu kila mmoja, na zote zilikuwa za heshima.

Saa nane usiku nilisikia kijiko kikigonga bilauri. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yake. Nilimkuta amekaa wima, mabega yanapanda na kushuka, jasho limemloanisha, mkono mmoja umeshika ubavu. Daftari lilikuwa mapajani. Ameandika neno moja, herufi zimelala upande: "Pumzi."

Mkasi ulikuwa shingoni. Mikono yangu ilitetemeka nikashindwa kuuingiza kati ya waya, mdogo wake, mtoto wa kidato cha tatu, ndiye aliyeuchukua na kukata raba zote sita huku akimwambia, "Tulia dada, tulia." Mdomo ukafunguka kidogo tu, upana wa kidole. Jirani mwenye bajaji hakuuliza kitu. Njia nzima nilimshika mwanangu nikihesabu pumzi zake, na zilikuwa nyingi mno.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, pengine mkubwa kwa binti yangu miaka mitano tu. Alimwekea oksijeni, akamvalisha kidoleni kile kifaa chenye taa nyekundu. Kilisoma 88, na mtu mzima hupaswa kuwa juu ya 94. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitoa utepe wa fundi cherehani mfukoni, akapima sentimita kumi chini ya goti, akazungusha utepe mguu wa kulia, akazungusha wa kushoto. Wa kushoto ulizidi kwa sentimita nne. Akaandika namba hizo, ndipo akatugeukia.

"Naomba mtoke wote nizungumze naye."

Nikamwambia, "Mimi ni mama yake."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba."

Nilikaa kwenye benchi la koridoni, kanga imelowa mafuta ya nazi yaliyotoka mguuni kwake. Dakika kumi, labda kumi na tano. Aliponiita, mwanangu alikuwa amefumba macho. Kabla sijakaa alilisukuma daftari kwangu kwa vidole viwili.

"Natumia vidonge vya majira. Tangu mwaka jana. Walinipa kliniki kwa ajili ya hedhi. Nilikuwa naanguka darasani. Si kwa jambo jingine Mama wallahi."

Nilisoma mara nyingi kuliko maneno yalivyo. Kilichoniuma kuliko vyote ni lile "wallahi". Mtoto yuko kwenye oksijeni, na bado anatumia nguvu zake kuniapia. Na nilikumbuka maumivu yake ya kila mwezi tangu akiwa na miaka kumi na minne, alivyojikunja sakafuni, nami nikimletea maji ya tangawizi na kumwambia walichoniambia mimi, kwamba utapoa ukiolewa. Alikwenda kutafuta dawa kwa mtu ambaye hatamwambia asubiri mume. Akaificha ndani ya boksi la chaki.

Asubuhi alipigwa picha ya utrasaundi. Daktari alinionyesha: mshipa mzima ukibonyezwa kwa kile kifaa hunywea ukafumba kama mdomo; wake, kutoka nyuma ya goti kupanda pajani, ulibonyezwa na kubaki wazi, umejaa. Hilo ni donge. Akasema dalili za kifua zinaonyesha vipande vimeshakatika vikasafiri mapafuni, na kwamba hatasubiri picha kubwa zaidi kwa sababu tiba ni ile ile na imeshaanza tangu saa tisa usiku. Nilimuuliza kama ni ule uchuaji. Alijibu kwa uangalifu. Mguu wenye damu iliyoganda hauchuliwi hata kidogo, alisema, lakini donge lile halikuanza Jumamosi.

Kisha akachukua daftari la mwanangu, akachora maduara matatu yanayoingiliana. Madaktari huyaita kwa jina la Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1902. Duara la kwanza, mshipa ulioumia au mwili uliojeruhiwa, kama upasuaji. La pili, damu inayotuama kwa sababu mtu amelala tu, hasimami, maana misuli ya muundi ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, na isipokunjwa haisukumi. La tatu, damu yenyewe kuwa tayari kuganda: maji yakipungua mwilini, na vidonge vyenye estrojeni, ambavyo huongeza uwezekano huo kama mara tatu au nne. Aliharakisha kuniambia kwamba kwa mwanamke mzima bado ni wachache sana wanaopata shida, kwamba mimba yenyewe huleta hatari kubwa kuliko vidonge, na kwamba nisitoke pale nikawatisha mabinti wa watu. Tatizo ni kimoja kurundikwa juu ya kingine. Mpasuaji angejua, angeweza kuvisimamisha wiki nne kabla, au kumpa sindano za kinga tangu kitandani.

Niliyatazama maduara yale. La kwanza lilikuwa la mpasuaji, nalo halikuepukika. La pili lilikuwa kitanda cha samadari, ndoo chumbani, kiganja cha Bibi, begi nililoliweka miguuni mwake kwenye basi. La tatu lilikuwa swali ambalo daktari alimuuliza binti yangu, nikalijibu mimi.

Mume wangu alifika saa nne asubuhi na vumbi la Muheza kwenye viatu. Alisikiliza yote. Akasema, "Kwa hiyo ni wewe uliyejibu," akatoka nje. Hakulisema tena, na mimi sijamlaumu kwa kulisema ile mara moja.

Mchana ukaingia mtihani mwingine. Amu yake wa Mombasa, anayefanya kazi duka la dawa, alipiga simu kuuliza anachomwa nini, akatuambia kwamba sindano zile za jamii ya heparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Daktari alipoulizwa hakuficha, ni kweli. Zipo nyingine zisizo na asili hiyo, alisema, lakini hospitalini siku ile ilikuwepo hii, na saa hazisubiri. Koridoni pale tulikuwa watu saba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua kinywa. Shangazi alikuwa analia. Baba yake akampigia sheikh wa msikiti wetu, akaweka sauti nje. Sheikh aliuliza mambo mawili tu: anaweza kufa? Ipo nyingine sasa hivi? Akasema dharura ina hukumu yake, na roho ya mtoto ni amana. "Chomeni," akasema, "na mnisalimie."

Ilipofika saa ya sindano, Bibi ndiye aliyeinuka. Mwanamke ambaye hajawahi kula kwenye sahani asiyojua imeoshwa na nani aliingia wodini, akamfunulia mjukuu wake tumbo mahali sindano inapochomwa, akasema "Bismillahi" kwa sauti ya kusikika, akampa muuguzi ishara. Alifanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku zote tulizolala pale.

Zilikuwa siku nane. Siku ya tatu pua ilitoa damu, maana dawa inayozuia damu kuganda mapafuni haijui kwamba juu kuna mfupa uliokatwa wiki mbili nyuma. Leso nne zilijaa. Daktari wetu na mpasuaji wa Dar walizungumza kwa simu usiku ule zaidi ya mara moja, dozi ikapunguzwa, damu ikakatika, ikarudishwa tena. Pamoja na sindano akaanzishiwa vidonge vya wafarini, vya miezi mitatu. Mdogo wake alisoma kwenye simu kwamba dawa hiyo iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, akaja mbio. Ni kweli nayo: miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani ya malisho yaliyoota ukungu, wataalamu wa Wisconsin wakakitafuta kilichomo, na dawa iliyotokana na kazi yao ikaanza kuuzwa kuua panya mwaka 1948, kisha mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Ndiyo maana hupimwa damu kila mara, wakitafuta namba kati ya 2 na 3. Na mchicha hakukatazwa, kama majirani walivyotuambia. Alitakiwa ale kiasi kile kile kila wiki, mchicha, kisamvu na matembele, kwa sababu vitamini K iliyomo huipunguza nguvu dawa. Ukila bakuli leo na kesho usile, namba inayumba. Nikaupima kwa kikombe cha chai, nikausaga na nazi.

Tuliporudi nyumbani kitanda cha samadari kilikuwa kimerudishwa chumbani kwa Bibi. Hakuna aliyeuliza. Shangazi alikuwa amemtuma mtu Dar akalete soksi za kubana, jozi mbili, akaziacha mezani na kuondoka. Siku tatu hakuweza kuja kumtazama mtoto machoni, mpaka mwanangu mwenyewe akamwandikia karatasi, ambayo sijui ilisema nini.

Kila baada ya swala alitembea. Kutoka mlango wa jikoni hadi mwembe, kuuzunguka, na kurudi. Bibi aliketi kwenye mkeka na tasbihi, akisukuma punje moja kwa kila mzunguko. Siku za kwanza punje saba zilimtoa pumzi. Mwezi wa pili alifikisha thelathini na tatu, na mguu, ingawa jioni bado ulijaa kidogo, uliingia kwenye kiatu chake cha kawaida. Jirani alipochungulia juu ya ua akauliza mbona mgonjwa anahangaishwa, Bibi hakugeuka. "Damu yake inatembezwa," alimjibu.

Miezi mitatu ilipotimia tulirudi Dar kwa mpasuaji. Tulichukua viti vya mbele, begi nikalipakia buti. Kila basi liliposimama alishuka, mtandio mabegani, akatembea mpaka mwisho wa vibanda vya machungwa na kurudi, na mimi nyuma yake na chupa ya maji. Uso ulikuwa umetulia. Meno yalikutana. Segera alinunua hindi la kuchoma, akalishika kwa mikono miwili, akalitazama, akaling'ata. Nilijifanya natafuta chenji.

Mpasuaji alifurahi kumwona. Alimwambia afungue mdomo, afunge, asogeze kushoto, kulia. Akapitia maandishi ya Tanga ukurasa kwa ukurasa, uso wake ukabadilika, akavuta kiti karibu na kuchukua kalamu.

"Tuanze upya," akasema. "Kuna dawa yoyote unayotumia kila siku? Na ile hedhi sasa unaifanyaje?"

Niliokota mkoba wangu sakafuni. Nikatoka, nikauvuta mlango, nikakaa kwenye benchi. Kupitia ubao wa mlango niliisikia sauti yake, ile sauti mpya yenye "s" iliyo safi, ikisema, ikanyamaza, ikaendelea tena kwa muda mrefu.